Propu Sita za Mguu wa Kulia

4 Mei

Mdogo wangu,

Nilipoteza sentimita nne za mfupa wa muundi wa kulia, Alhamisi ya tarehe tisa mwezi wa tatu, chini ya slabu ambayo wewe uliamuru propu zake, zile nguzo zangu za chuma za kukodisha, zing'olewe kabla zege halijakomaa. Nimeanza na hilo ili tusije tukapotezana kwenye salamu. Sasa salamu: hujambo? Unalala vizuri huko uliko? Kifua chako na vumbi vimepatana? Mimi sijambo kuanzia utosini hadi gotini. Chini ya goti kuna habari nyingine, na ndiyo inayonikalisha chini kuandika.

Nakuandikia barua kwa sababu simu zangu hupokei. Simu mtu huikata, barua haina kitufe. Dereva wa lori la magodoro alikuja yadi kukodi propu mbili za kuinulia paa la ghala lao, akawa anamsimulia Kobe wetu wa yadi habari za msimamizi wao mpya: mtu mrefu, mkimya, anayetembea na pimamaji mfukoni mwa shati hata anapokwenda kula. Nikasema basi, Pimamaji wetu yuko hai. Propu nimempa dereva, na barua hii nimempa.

Siku ile nilikuja jengoni kuangalia mali yangu, si kukupeleleza. Nikakuta vijana wanapakia propu kwenye gari, na wewe uko nje na mteja mnazungumzia rangi ya vigae. Niliingia chini ya slabu, nikaigonga propu ya kwanza kwa ufunguo wa nati, kama nilivyokufundisha ulipokuwa huwezi hata kuibeba. Iliyobeba mzigo hulia nyembamba, isiyobeba hukohoa. Ile ililia mpaka nikaisikia kwenye meno. Nikapiga kelele waache, na kona ya slabu ikanijibu kabla yako.

Hospitalini ulikaa kwenye benchi siku tatu. Kobe anasema ulikuwa hata chai huinywi, unaishika tu. Siku ya nne benchi lilikuwa tupu.

Sasa sikiliza walichonifanyia, maana wewe ni mtu wa kazi na utaelewa. Pale palipopotea mfupa, daktari amekutanisha ncha mbili, kwa hiyo nimekuwa mfupi upande mmoja kama meza ya mgahawa. Kisha akaukata mfupa juu zaidi, pale ulipo mzima. Eti ukiuvuta polepole kuanzia hapo, unaota wenyewe na kuziba nafasi. Mguu umezungushiwa pete mbili za chuma, moja chini ya goti, nyingine juu ya kifundo, na kila pete imeshikwa kwenye mfupa kwa pini. Kati ya pete hizo kuna vyuma sita vimekaa mshazari. Yeye anaviita strati. Nilivitazama nikacheka kitandani hadi nesi akaja. Bomba ndani ya bomba, skrubu, kola ya kufungia, vistari vya kuonyesha urefu. Nikamwambia daktari, "Hizi ni propu. Mimi nakodisha hizi, kubwa zake." Akasema, "Ziite utakavyo, mama, mradi uzizungushe ninavyokuambia."

Ni robo milimita, mara nne kwa siku, zote sita sawasawa. Kila robo inalia tik. Milimita moja kwa siku ndiyo mwendo wangu kuanzia wiki ijayo. Nilianzisha yadi kwa propu nne za kutu nilizookota kwenye jengo lililotelekezwa, nikazisugua kwa mikono hii. Sitashindwa na sita mpya zinazong'aa.

Ninachotaka kwako ni kidogo. Njoo usimame mbele yangu. Sihitaji upige magoti, mmoja wetu asiyeweza kupiga magoti anatosha.

Dada yako


21 Mei

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nafuu, umekula, umelala, na maumivu yamepungua. Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu. Kifua kimetulia kwa kuwa hapa hakuna saruji, kuna sponji tu. Wasalimie Kobe na vijana wote wa yadi. Wasalimie pia majirani, hata yule aliyekuwa akilalamikia kelele za vyuma.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimesimama tena. Sina la kuongeza kwenye yale uliyoandika. Ni kweli, mteja alikuwa ananisukuma, jengo la pili lilikuwa linangoja propu zilezile, nikasema zing'olewe. Sikugonga hata moja.

Kazi ya hapa ni nyepesi, dada. Hakuna kitu kinachoweza kumwumiza mtu. Juzi rundo zima la magodoro lilimwangukia karani, tukakimbia kumfukua, tukamkuta amesinzia.

Nimefikiri sana kuhusu hivyo vyuma. Miezi yote hiyo, pini kwenye mfupa, kuzungusha kila siku. Hapa kuna mlinzi ana mguu wa bandia. Alikatwa, akapona, leo anapanda ngazi kunishinda. Sisemi ufanye hivyo. Nasema tu wapo waliochagua njia fupi na maisha yao yanaendelea. Usijitese ili kunionyesha mimi kitu.

Kuhusu kuja, mwezi huu ghala lina mzigo mwingi. Tutaona.

Mdogo wako


29 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, shikamoo yako nimeipokea. Mengine nayarudisha na dereva huyuhuyu.

Mimi ni mzima, wa yadi ni wazima, jirani wa kelele ni mzima na bado analalamika. Mguu unavuta. Jioni ngozi inabana kama soksi ya mtoto, asubuhi inasahau, nazungusha tena. Nasafisha pini kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, moja moja, hakuna ruhusa ya kuruka.

Sasa kuhusu njia yako fupi. Wewe njia fupi unazipenda, na mimi ndiye ninayezilipia. Uliona slabu inachelewa, ukang'oa propu. Unaona mguu unachelewa, unataka kung'oa mguu. Kesho utasema dada mwenyewe anachelewa. Mlinzi wako namheshimu, alikatwa kwa sababu mguu wake haukuwezekana kuokolewa, na kama wangu usingewezekana ningekata bila kukuomba ushauri. Lakini wangu unawezekana. Daktari amenionyesha eksirei. Pale palipokuwa peusi pameanza kuingia ukungu mweupe, kama dirisha la jiko asubuhi. Anasema ukungu ule ndio mfupa mchanga. Mtu mwenye umri wangu anaota mfupa, na wewe unaniambia nikate.

Siku hizi nakwenda yadi kwa magongo. Kobe alileta shuka kuufunika mguu, anasema wateja wanaogopa. Nikamwambia auache wazi. Mkandarasi mmoja aliinama akautazama, akaniuliza hizi ndogo nazikodisha kwa bei gani. Tumecheka, na amechukua propu za ghorofa nzima. Wananiita Mama Propu mbele yangu sasa. Zamani walikuwa wakisubiri nigeuke.

"Tutaona" si jibu. Tutaona husemwa na mtu aliyefumba macho. Njoo.

Dada yako


19 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Sijapata neno lako tangu mwezi uliopita, ila dereva anasema unakula na unatembea, kwa hiyo nimeridhika kiasi hicho. Sisi tuko salama.

Nakuandikia kukupa habari njema ya kifundi, maana huku sina wa kumwambia. Kobe ukimweleza jambo anasema "ndiyo mama" kabla hujamaliza.

Urefu karibu umetimia, milimita chache tu zimebaki. Lakini tangu wiki iliyopita mguu ulikuwa unaniuma upande mmoja kwa namna nisiyoielewa. Juzi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu pale mlangoni mwa yadi, ufunguo mkononi, nikajiambia, wewe mama, una akili gani? Umekaa na propu sita miezi hii yote na hujazigonga hata siku moja. Nikazigonga. Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu ikalia. Ya nne ikakohoa.

Unajua mimi na wewe tunafanya nini na propu inayokohoa. Mwenyezi Mungu hakuiweka pale ipumzike. Wenzake wanabeba, yenyewe imekaa kama mgeni wa harusi. Nikafungua kola, nikaipandisha. Jana kidogo, leo tena, mpaka ikalia kama dada zake. Imeuma, sitakudanganya, nimeng'ata taulo. Lakini sasa zote sita zina sauti moja, na mguu umesimama imara kuliko wakati wowote.

Kliniki ni mwisho wa mwezi. Nataka kuona uso wa daktari akiniuliza nani amerekebisha.

Hapo ndipo nilipokukumbuka. Ungekuwepo, ungeshika kola mimi nikagonga, kama zamani.

Dada yako


30 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Naandika haraka, dereva amewasha gari.

Barua yako nimeichelewa, nilikuwa tawi letu la pili kupokea mzigo. Dada, tafadhali usiiguse tena hiyo ya nne mpaka daktari aione. Nimechora zile pete na vyuma vyake kwenye boksi, nikavitazama siku nzima. Propu yetu husimama sakafuni peke yake, ukiipandisha unapandisha slabu pale ilipo tu. Hizo hazina sakafu. Kila moja imeegemea wenzake kupitia pete. Ukiipandisha moja, pete yote inalala upande. Kukohoa kwake labda ni kola tu iliyolegea, au imefunguka zaidi ya nyingine. Sijui. Lakini mimi nisingeipandisha.

Kama siku yako ya kliniki haijafika, usiingoje, nenda.

Nimekutumia godoro, lile gumu la wagonjwa, daraja la kwanza. Weka kisigino juu yake.

Mdogo wako


8 Julai

Mdogo wangu,

Hujambo, na habari za kazi? Godoro limefika salama, na ni zuri, siwezi kulisingizia. Kisigino kinakaa vyema. Nilikuomba mtu, umeniletea godoro, lakini ni zuri.

Barua yako ilifika siku mbili baada ya mimi kutoka kliniki. Kila neno ulilosema lilikuwa sahihi. Sasa jiulize lingekuwa na faida gani kama ungelisema ukiwa umekaa pembeni yangu, mkono kwenye kola. Lakini ulilisema kutoka kwenye sponji, likasafiri na lori, likafika mguu umeshapinda.

Ndiyo. Umepinda. Daktari aliweka eksirei kwenye taa, akaipima kwa rula. Kisha:

"Nani amegusa namba nne?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa haibebi."

"Nani alikuambia haibebi?"

"Sauti yake."

Akageuka. "Mama, unaugonga mguu wako?"

"Kwa ufunguo," nikasema. "Taratibu."

Nesi alitoka nje, nikamsikia akicheka ukutani. Daktari hakucheka. Alivuta kiti, akakaa chini kuliko mimi, akaniambia hivi: "Propu zako za yadi kila moja ina maisha yake. Hizi sita ni ndugu wa chumba kimoja. Ukimsukuma mmoja, watano wote wanahama." Nikamwambia nina mdogo wangu kazaliwa na maneno kama hayo. Akauliza yuko wapi. Nikasema yuko mbali, anauza usingizi.

Kosa ni langu na nimelibeba palepale, mbele ya nesi. Sikulikimbia kwenda mji mwingine. Hilo nataka uliweke mahali unapoliona.

Sasa hali iko hivi. Urefu upo. Sentimita nne zimerudi, mfupa mchanga umeziba, ila umelala nje kama ukuta ulioachwa na fundi mlevi. Bado ni laini, kwa hiyo unaweza kunyooshwa kwa vyuma vilevile bila kisu. Ukikomaa hivi, itabidi uvunjwe. Daktari amesimamisha kila kitu. Amepiga hesabu upya, na safari hii kila strati ina namba yake. Hii inapanda, ile inashuka, nyingine inasimama siku mbili kisha inaanza. Ya tatu na ya nne ziko nyuma, upande wa shavu la mguu. Zote zilipokuwa sawa nilizungusha kwa kupapasa na kusikiliza tik. Sasa lazima vistari visomwe kwa macho kila mara, na macho yangu hayafiki kule. Nilipendekeza kioo. Akasema kioo kinageuza kulia kuwa kushoto, na mguu huu umeshakosewa vya kutosha.

Anataka mtu. Mmoja, yuleyule kila siku, asubuhi, mchana, alasiri na jioni, kwa wiki kadhaa. Anataka jina lake, na huyo mtu aje mwenyewe afundishwe. Nikikosa mtu, atanilaza wodini mpaka mguu unyooke. Kuna vitanda sita mwisho wa wodi, karibu na dirisha lisilofunguka. Manesi wanaviita vitanda vya wasio na mtu. Nimevipita kila nilipokwenda kubadilisha bandeji. Wanaolala pale hawaumwi kuliko wengine. Wameangaliwa vizuri, wamefunikwa vizuri, na kila mlango ukifunguka wote sita wanainua kichwa.

Na nikilala pale, yadi inafungwa. Huu ndio msimu wa ujenzi. Propu zikikaa ndani msimu mzima, wateja wanahamia kwingine na hawarudi. Unalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Basi naomba, na unajua si kazi yangu kuomba. Njoo uzungushe. Wewe uling'oa zile, njoo uzungushe hizi.

Dada yako


17 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Poleni wote. Natumaini maumivu si makali.

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana, kwa hiyo hii nitaituma hata ikiwa mbaya.

Siwezi, dada. Si mzigo wa ghala. Mzigo wa ghala ulikuwa uongo. Ni mikono. Inatetemeka. Haikuanza huku, ilianza kwenye lile gari tukikupeleka hospitali. Kobe aliendesha. Wewe ulikuwa umezimia, nikaushika mguu wako kwa mikono yote miwili njia nzima, juu na chini ya jeraha, ili usining'inie. Nilihisi pale ambapo mfupa haupo, dada. Vidole vyangu vilikutana. Mpaka leo nikishika kitu chembamba, kalamu, kikombe, bisibisi, vidole vinakumbuka na kuanza. Ndiyo maana niko kwenye magodoro. Hapa hakuna kitu chembamba. Kwenye benchi pale hospitali chai sikuwa naisusia, ilikuwa inamwagika.

Mikono hii uiweke kwenye skrubu ya robo milimita? Nitauua mguu wako mara ya pili.

Kobe ana mikono imara. Au yule jirani. Tafadhali.

Nisamehe. Nitakutumia mto.

Mdogo wako


20 Julai

Mdogo wangu,

Mto usitume.

Hujambo. Mimi sijambo, na safari hii hata chini ya goti, maana nimekaa na barua yako nikasahau maumivu. Nina mengi ya kukujibu, na nitayajibu kwa mpangilio wangu.

Kwanza Kobe. Kobe anasoma namba ya lori likiwa limesimama mbele yake, na hata hapo anaomba dereva athibitishe. Miwani hataki, anasema inazeesha. Vistari vya strati ni vyembamba kama nywele. Nilimjaribu. Alisoma kumi na mbili, nesi akasoma ishirini na moja. Jirani naye alikuja, mtu wa watu, hata mimi nilishangaa. Akaona pini zinavyoingia kwenye ngozi, akakaa sakafuni, akalala. Ilibidi mimi mwenye magongo nimpepee yeye. Tangu siku ile amekoma kulalamikia kelele, hilo ni faida.

Pili mikono. Ungekuja hata mara moja ungeyajua haya, lakini kwa kuwa umeamua kujua kila kitu kwa barua, nakuchorea. Strati hizi hazizungushwi kama skrubu ya mlango. Kuna kola. Unaifungua, unageuza, inalia tik, inajifunga yenyewe kwenye tundu. Ukitetemeka haizidi. Ukitetemeka sana haizidi. Ili izidi lazima uamue kuizidisha, kama nilivyoamua mimi kwa mkono usiotetemeka hata kidogo. Mguu huu haukupindwa na mkono unaotetemeka. Umepindwa na mkono imara wenye uhakika. Nilimuuliza daktari waziwazi: mtu mwenye mikono inayotetemeka anaweza? Akajibu, "Anasoma vistari?" Nikasema huyu akiona mstari uliopinda hawezi kula. Akasema, "Basi mlete. Tik inafanya kazi ya mkono. Mimi nataka macho, na mtu anayeogopa kukosea. Wasioogopa nimeshawaona." Akanitazama mimi aliposema hivyo. Nimemwachia.

Tatu, lile la gari. Sikulijua. Kobe hakuniambia, na wewe ulikaa nalo. Nilijua ulikimbia, sikujua ulikimbia umebeba nini. Hilo halinifanyi nikusamehe, usije ukachanganya mambo. Slabu ni slabu, na uliing'oa propu bila kuigonga. Lakini nimelisoma lile neno, kwamba vidole vyako vilikutana, na nimekaa nalo mlangoni mwa yadi mpaka vijana wakaniuliza kama nimefiwa.

Sasa nikuambie kitu ambacho huwezi kukijua kutoka huko. Pale vidole vyako vilipokutana hapapo tena. Ncha zile zimeshikana, na juu yake pameota mfupa ambao dunia hii haikuwa nao mwezi wa tatu. Nimeupapasa kwa ngozi ya juu. Umelala vibaya, lakini upo. Wewe unatembea na mguu wa mwezi wa tatu mikononi mwako, na mguu huo haupo popote ila kwako. Watu wawili tu waliwahi kushika lile pengo, wewe na daktari. Daktari ameshashika tena. Umebaki wewe.

Njoo uitetemeshe hiyo mikono hapa, juu ya kitu kilichoota. Ukimwaga chai tutapangusa. Nimetenga chumba cha nyuma, kile chenye dirisha la upande wa yadi, na godoro lako nimelihamishia humo, kwa hiyo utalala kwenye zawadi yako mwenyewe. Kiti cha chini cha kukalia nyuma ya mguu wangu Kobe ameshakitengeneza. Kina mguu mmoja mfupi. Nimemwambia asikirekebishe, yupo mtu atakayekuja akose amani mpaka akinyooshe.

Usipokuja sitalia, na mguu huu sitaukata, na wala sitauacha umelala hivi. Nitakwenda kwenye kile kitanda cha dirishani, nitafunga yadi, nitanyooka, nitatoka, nitaanza tena na propu nne kama nilivyoanza. Nimeshafanya hivyo nikiwa na umri mdogo na akili chache. Usije kwa kunihurumia. Anayehitaji huruma hapa ni mtu mzima anayejificha nyuma ya sponji.

Ila nikilala pale, mlango ukifunguka, sitainua kichwa. Nataka uelewe hilo. Nitakuwa nimeshaelewa.

Jumatatu, tarehe ishirini na nne, saa nne asubuhi, nitakuwa mbele ya daktari. Karatasi ya namba ameshaitoa, juu yake kuna nafasi moja ya jina la atakayezungusha. Dereva anakufikishia hii kesho Ijumaa, kwa hiyo unazo siku za kutosha kutetemeka na bado ukapanda gari. Safari hii usiandike, barua haitawahi. Simu yangu itakuwa wazi, mkononi, si mkobani. Usinieleze habari za ghala, usiniulize hali, salamu tutapeana baadaye. Daktari ataniuliza kama nina mtu, na mimi sitaki kumjibu kwa kukisia.

Nina mtu, au sina? Neno moja, kabla ya saa nne.

Dada yako